Mjane, Chupa na Kinu cha Mafuta



Neno la leo ni refu kidogo. Mimina chai yako, keti, usome mpaka mwisho, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalonihusu mimi mwenyewe, na huenda linakuhusu na wewe.

Jumatano iliyopita, baada ya ibada ya maombi, mama mmoja wa ushirika wetu alinifuata ofisini. Ni mjane, anauza mboga kando ya barabara, na wengi wenu mmewahi kununua sukuma wiki kwake. Mkononi alikuwa na chupa ndogo ya plastiki ya mililita 100, imebandikwa picha ya msalaba. Akaniambia, "Pasta, naomba uyaombee haya mafuta mara ya pili. Naona hayajafanya kazi."

Nikamuuliza, "Mama, umeyatoa wapi?"

Alikuwa ameyanunua kwenye mkutano wa mtumishi mmoja kwa shilingi 1,500. Akaambiwa ni mafuta ya zeituni kutoka Yerusalemu, ajipake kifuani asubuhi na jioni kwa siku 21, na presha itakwisha kabisa. Shilingi 1,500 hizo zilikuwa pesa za dawa zake za presha. Akanunua mafuta, dawa akaziacha.

Nikafungua kifuniko nikanusa. Wapendwa, mimi nimelelewa jikoni kwa mama yangu. Kilichonifikia kwanza ni marashi. Chini ya marashi yalikuwa mafuta ya kukaangia chapati.

Hatukuomba kwanza. Tulienda kliniki kwanza, na maombi tukayafanya njiani. Muuguzi alipompima, alinitazama mimi, akamtazama mama, akasema huyu haendi nyumbani mpaka daktari amwone. Namshukuru Mungu leo yuko salama na amerudia dawa zake. Lakini siku zile 21 zingeweza kumalizika kwa mazishi, na mimi ningesimama pale kaburini nikasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, kumbe si Bwana aliyetwaa.

Sasa sikiliza kilichotokea usiku.

Nililala nikiwa na hasira na yule mtumishi. Nikapiga hesabu gizani: mililita 100 kwa shilingi 1,500 ni shilingi 15,000 kwa lita. Nikasema, Bwana, huyu ni mwizi. Na Roho Mtakatifu, kwa upole kabisa, akanirudisha miaka mingi nyuma, tukiabudu kwenye banda la mabati la kukodi. Akanionyesha mtungi wa lita 20 wa mafuta ya kupikia niliounua kwa muuzaji wa jumla. Akanionyesha marashi niliyoyatia, na chupa ndogo nilizojaza kwa mkono wangu. Niliyaita mafuta ya zeituni. Bei nikaiita "sadaka ya upendo", shilingi 200. Pesa ile ililipa kodi ya kiwanja.

Sikuwahi kumwambia mtu aache dawa. Lakini kitu kile nilikiita kwa jina ambalo si lake, na nikawauzia watu walioniamini. Nilishatubu mbele za Mungu. Leo natubu mbele zenu.

Kwa hiyo huu ndio msimamo wangu, na nitausimamia hata mkinikasirikia. Mafuta ya kuombea hayapaswi kuuzwa kanisani. Jina lililo kwenye chupa lazima liwe la kweli. Na hakuna mafuta, hata yatoke wapi, yanayomwachisha mtu dawa yake.

Tunadanganywa kwa urahisi kwa sababu wengi wetu hatujui mafuta ya zeituni yanavyopatikana. Tunayasoma kwenye Biblia tangu Sunday school, lakini mzeituni wenyewe hatuujui. Kwa hiyo twende kinuni.

Mungu alinipa neema ya kufika Galilaya mwezi wa Novemba, wakati wa mavuno. Wenzangu walikuwa na haraka ya kwenda Yordani na kununua zawadi, lakini mwongozaji wetu akatusimamisha kwenye kinu cha kijiji kimoja. Niliposhuka garini nilidhani niko kwetu, kwenye mashine ya kusaga unga. Watu wamepanga foleni na magunia na makreti, wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki wanapiga soga, watoto wanakimbia huku na kule. Na kila familia inalinda zamu yake. Unavyokataa mahindi yako yachanganywe na ya jirani, nao ni hivyo hivyo. Mtu anataka aondoke na mafuta ya miti ya babu yake. Mwenye kinu analipwa pesa, au anachukua sehemu ya mafuta.

Zeituni zinavunwa kwa kutandika turubai au neti chini ya mti, kisha matawi yanachanwa kwa mkono au kwa kitu kama kitana, au yanapigwa kwa fimbo. Nyingine ni za kijani, nyingine zambarau, nyingine nyeusi. Nikaokota moja nikaitafuna. Ni chungu! Huwezi kuila mbichi ikitoka mtini.

Kinuni majani yanapulizwa, matunda yanaoshwa, kisha yanapondwa pamoja na kokwa zake mpaka yawe uji mzito. Uji huo unakorogwa polepole, yapata nusu saa, ili matone madogo ya mafuta yaungane yawe makubwa. Hapo joto linachungwa sana. Mafuta yakiandikwa kwamba yalitolewa kwa baridi, maana yake joto halikuzidi nyuzi 27. Ukizidisha moto unapata mafuta mengi zaidi, lakini unapoteza harufu na ubora. Baada ya hapo uji unaingia kwenye mashine inayozunguka kwa kasi kubwa, nayo inatenga vitu vitatu: mafuta, maji na mashudu.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa jiwe la duara lililozungushwa na punda. Uji ukawekwa kwenye vikapu bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ukakandamizwa kwa gogo refu lililoning'inizwa mawe. Wazee wa Lamu wataelewa haraka, kwa sababu kwao ngamia alizungushwa kushindika simsim. Ukienda Kapernaumu utaona mawe ya namna hiyo. Na huko Ekroni, mji wa Wafilisti, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mashinikizo ya mafuta zaidi ya 100.

Sasa shika mambo mawili. La kwanza, inahitajika yapata kilo 5 za zeituni kupata lita 1 ya mafuta. Fikiria kazi hiyo yote, halafu mtu akuuzie kwa bei ya mafuta ya kukaangia na aseme ni safi. La pili ni haraka. Ninyi mnaotoka Nyeri, Kirinyaga na Murang'a mnajua kahawa iliyochumwa leo hailali kwenye gunia, inapelekwa kiwandani siku hiyo hiyo. Zeituni nazo zinataka kufika kinuni ndani ya saa 24. Zikirundikwa siku kadhaa zinapata joto, zinachacha, na mafuta yake yananuka. Hakuna maombi yanayorudisha ubora uliopotea ndani ya gunia.

Mzee mmoja akachovya mkate kwenye mafuta yaliyotoka dakika ile, akanipa. Yalikuwa ya kijani, yana harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi. Nikameza, koo likawasha kama nimeonja pilipili, nikakohoa. Nikadhani yameharibika. Wazee wote wakacheka. Kumbe uchungu kidogo na ule mwasho wa kooni ni dalili ya mafuta mapya na mazuri.

Sasa tuje supamaketi, maana wengine mnanunua kwa ajili ya saladi na wengine kwa ajili ya maombi, na duka ni lile lile.

Tazama maneno ya kwenye chupa. Ikiandikwa "Extra Virgin", hiyo ni daraja ya juu. Yametolewa kwa kuponda na kuzungusha tu, bila kemikali, asidi yake haizidi asilimia 0.8, na waonjaji hawakukuta kasoro. Ikiandikwa "Virgin" peke yake, asidi inaweza kufika asilimia 2. Ikiandikwa "Pure" au "Light", au "Olive Oil" bila neno lingine, mengi yake yamesafishwa kiwandani, kisha yakaongezwa kiasi cha mafuta ya virgin ili yapate ladha. "Light" haimaanishi hayanenepeshi, usidanganyike. Na "Pomace" ni mafuta yaliyotolewa kwenye mashudu kwa kemikali, kisha yakasafishwa. Yote ni chakula, lakini usilipe bei ya daraja ya kwanza ukapewa ya mwisho.

Tafuta tarehe ya mavuno ikiwa imeandikwa. Mafuta si divai, hayazidi kuwa mazuri kwa kukaa. Chagua chupa ya kioo cheusi au mkebe, kwa sababu mwanga, joto na hewa ni maadui zake. Ukifika nyumbani usiyaweke kando ya jiko wala dirishani. Ukifungua ukasikia harufu ya njugu za mwaka jana, yameshachacha. Na ile habari inayozunguka kwenye simu, kwamba ukiyaweka kwenye friji yakaganda ndiyo ya kweli, haithibitishi chochote.

Soma pia yalikotoka. Kuandikwa kwamba yamepakiwa nchi fulani si sawa na kusema yalimea huko. Hispania ndiyo inayozalisha mengi kuliko nchi zote, na huku kwetu Afrika, Tunisia na Morocco wana mashamba makubwa. Mpendwa, huhitaji mafuta ya Yerusalemu. Mungu anayesikia maombi yaliyoombwa juu ya mafuta ya Yerusalemu anasikia na yaliyoombwa juu ya mafuta ya Tunisia.

Na usifikiri udanganyifu huu ni wa manabii wa uongo peke yao. Mwaka 2023 polisi wa Hispania na Italia waliwakamata watu 11 na kunasa zaidi ya lita 260,000 za mafuta yaliyochanganywa, tayari kwa soko. Hiyo ni Ulaya, penye maabara na wakaguzi. Je, chupa isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na tarehe, yenye picha ya msalaba tu, ni nani ameikagua?

Najua mtu ataniuliza: Mchungaji, umeacha kuamini upako? Hapana! Yakobo 5:14 iko pale pale. Mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Nitaendelea kufanya hivyo mpaka nife. Lakini soma vizuri uone nani anamwendea nani. Wazee ndio wanaokwenda kwa mgonjwa. Hakuna foleni ya kununua, na bei haikutajwa.

Mwingine atasema, "Kwani wale wanawali kumi hawakuambiwa waende kwa wauzaji wanunue?" Ndiyo, Mathayo 25. Waliambiwa waende dukani wakanunue mafuta ya taa. Kuuza mafuta ni biashara halali, na mwenye duka Mungu ambariki. Aliyekemewa ni Simoni wa Samaria katika Matendo 8, aliyetaka kuifanya nguvu ya Roho Mtakatifu kuwa kitu cha kulipiwa pesa. Mwenye duka anauza mafuta. Sisi madhabahuni tuliuza uponyaji, mafuta yakawa kisingizio.

Soma tena 2 Wafalme 4. Mjane ana deni, wadai wanataka kuwachukua wanawe, na ndani ya nyumba ana chupa moja tu ya mafuta. Elisha hakumuuzia mjane mafuta. Mafuta yaliongezeka mpaka vyombo vikaisha, na Elisha akamwambia akayauze, alipe deni, aishi na wanawe kwa kilichobaki. Mkono wa nabii haukuonekana kwenye pesa ile hata mara moja. Sisi tumeigeuza habari hiyo. Mafuta ya Elisha yalimtoa mjane kwenye deni, na ya kwetu yanamwingiza.

Na yule Msamaria mwema wa Luka 10? Alimkuta mtu amepigwa, akamtia mafuta na divai kwenye majeraha. Je, aliishia hapo? Alimpandisha kwenye mnyama wake, akampeleka penye nyumba ya wageni, akamuuguza, na kesho yake akatoa dinari mbili za matunzo, akaahidi kulipa zaidi. Mafuta yalikwenda pamoja na matunzo, na mwenye mafuta ndiye aliyelipa. Mkristo anayekupaka mafuta na kukukataza hospitali hakujifunza kwa Msamaria huyu.

Tena nataka nimtetee maskini. Kama huna uwezo wa mafuta ya zeituni, Mungu hana shida na mafuta ya alizeti. Njoo na uliyo nayo tuombe. Uponyaji hauko kwenye asidi ya asilimia 0.8. Lakini usiyaite ya zeituni! Kutoka 27:20 Mungu aliagiza mafuta ya taa ya hema yawe safi, ya zeituni zilizopondwa. Nani angejua kama Haruni angechanganya kidogo? Taa ingewaka tu. Lakini Mungu alitaka kilicho ndani ya taa kiwe kile kile kinachosemwa kiko ndani ya taa.

Kuna jambo lingine linalonigusa. Ninyi wa Nyandarua, wa Laikipia, wa Narok, mnaujua mti unaoitwa mutamaiyo kwa Kikuyu, na oloirien kwa Kimaasai. Mama wa Kimaasai anachoma kijiti chake kusafisha kibuyu cha maziwa. Wengi mmeukata kwa nguzo za ua na makaa. Mti ule ni mzeituni mwitu, ndugu kabisa wa ule wa Galilaya, wa jamii moja. Matunda yake ni madogo na mafuta yake ni haba. Paulo anasema katika Warumi 11 kwamba sisi watu wa mataifa tulikuwa matawi ya mzeituni mwitu, tukapandikizwa kwenye mzeituni wa shambani tushiriki unono wa shina lake. Mutamaiyo uko kwenye mlima wetu, na habari yetu iko kwenye Warumi! Kama umeshapandikizwa kwenye shina, kwa nini unamlipa mtu shilingi 1,500 akuletee tone la kutoka mbali?

Na Gethsemane, jina lile maana yake ni shinikizo la mafuta. Chini ya Mlima wa Mizeituni, mahali palipokuwa pa kushindika zeituni, Bwana wetu alibanwa mpaka jasho likadondoka kama matone ya damu. Alipobanwa, hakikutoka ndani yake kitu kilichochanganywa. Na hakumtoza mtu.

Sasa matendo, maana toba ya mdomoni ni rahisi.

Kuanzia Jumapili hii, mafuta ya kuombea yatakaa mezani mbele ya wote, kwenye chupa yake ya dukani, na risiti yake ikiwa pembeni. Nilinunua nusu lita kwa shilingi elfu moja na kidogo, na kwa tone moja kwenye paji la uso itatutosha miezi mingi. Hatutauza. Ukitaka kidogo cha nyumbani, njoo na kichupa chako, utapewa bure. Kila anayeombewa ugonjwa ataulizwa na wazee, "Dawa zako unazo?" Kama hana, mfuko wa wajane na wagonjwa utaulizwa kabla ya chupa kufunguliwa.

Yule mama nimemrudishia shilingi 1,500 zake kutoka mfukoni mwangu. Chupa ameniachia, iko juu ya meza yangu ili niione kila siku.

Na ninyi tuliokuwa pamoja kwenye banda la mabati, mnajijua. Mlionunua chupa kwangu kwa shilingi 200, niandikieni ujumbe binafsi. Zakayo aliahidi mara nne, na 200 mara nne ni 800. Nitawatumia kwa M-Pesa mmoja mmoja, polepole, kadiri Bwana atakavyoniwezesha. Msiniambie "Pasta, achana nayo." Nahitaji kulipa.

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, utusamehe sisi watumishi wako tuliofanya biashara na machozi ya wajane. Mponye kila anayesoma akiwa mgonjwa, na umpe mahali pa kupata dawa. Tutie sisi kinuni kama tumechanganyika, mpaka kitoke kilicho safi. Amina.

Kama una mama, shangazi au jirani aliyeacha dawa kwa sababu ya chupa, usimcheke wala usimgombeze. Mpigie simu leo, kisha umsindikize kliniki. Halafu urudi hapa uandike Amina.

Mungu awabariki. Tukutane Jumapili.